Feroze Gandhi: Mkwe aliyeidai hesabu serikali ya mkwewe

Likitajwa jina la Gandhi hapa kwetu Pwani, mawazo ya wengi hukimbilia kwa Mahatma, na baada yake kwa Bibi Indira. Ni wachache wanaomkumbuka Feroze, mumewe Bibi Indira, aliyefariki mwaka 1960 kabla ya kutimiza miaka 48. Nami leo nataka kumzungumzia yeye, kwani kila nisikiapo kwamba ripoti ya tume ya uchunguzi imewekwa mezani Bungeni, kisha ikalala papo hapo hadi ikafunikwa na vumbi, mimi humkumbuka mtu huyu.

Feroze hakuwa jamaa ya Mahatma, wala hakuwa Mhindu. Alikuwa Parsi, wa kaumu ambayo Unguja na Mombasa haikuwa ngeni. Alizaliwa Bombay tarehe 12 Septemba, 1912, babake akiwa mhandisi wa meli, lakini alilelewa Allahabad kwa shangazi yake aliyekuwa daktari. Mwaka 1930, akiwa kijana wa chuo, aliacha masomo akajitosa katika harakati za kumwondoa Mwingereza, na mwaka huo huo akaonja jela. Baadaye alisoma London, akarudi, na mwezi wa Machi 1942 akamwoa Indira, binti wa pekee wa Jawaharlal Nehru. Hawakukaa sana na raha ya arusi, kwani kabla ya mwaka kwisha wote wawili walikuwa vifungoni.

India ilipopata uhuru Nehru akawa Waziri Mkuu, naye Feroze akawa meneja wa gazeti la National Herald ambalo mkwewe ndiye aliyeliasisi. Mwaka 1952 alichaguliwa mbunge wa Rae Bareli kwa tiketi ya chama cha Congress. Hebu nawe, msomaji, jiweke mahali pake. Waziri Mkuu ni baba wa mkeo, chama ni chako, chakula cha jioni mwala meza moja. Nani angekulaumu ukinyamaza? Na kweli, kwa miaka mitatu ya mwanzo Feroze alinyamaza, hata wengi wakamdhania kuwa ni mbunge wa kukalia kiti tu.

Kumbe alikuwa akisoma madaftari ya hesabu. Mwezi wa Disemba 1955 alisimama akaeleza, tarakimu kwa tarakimu, jinsi tajiri mkubwa Ramkrishna Dalmia alivyoichezea fedha ya kampuni ya bima aliyokuwa akiimiliki. Haukupita muda serikali ikataifisha bima ya maisha nchini kote. Makampuni na vyama 245 vikaunganishwa, na tarehe 1 Septemba, 1956 likazaliwa shirika moja la umma, LIC.

Niliweke kando suala la hukumu ya bima katika sheria yetu, ambalo masheikh wamelijadili na wataendelea kulijadili. Nililotaka ni kuitazama ile fedha yenyewe. Ilikuwa ni akiba ya karani, ya mwalimu, ya fundi, aliyejinyima ili akifa wanawe wasihangaike. Tuliosoma chuoni tulifunzwa mapema sana nini maana ya amana, na ukali wa neno lenyewe linapoambatana na mali ya yatima.

Basi mwezi wa Juni 1957, shirika hilo halijatimiza mwaka, likanunua hisa za makampuni sita ya Haridas Mundhra, mchuuzi wa hisa wa Calcutta aliyekuwa amezongwa na madeni. Zililipwa rupia zaidi ya 12,400,000. Kamati ya shirika iliyowekwa makusudi kushauri juu ya vitega uchumi haikuulizwa kitu, na hisa zenyewe zilinunuliwa kwa bei iliyopita ile ya sokoni. Yaani mzigo mbovu umepandishiwa bei, na anayelipa ni yatima.

Tarehe 16 Disemba, 1957, Feroze alisimama tena. Safari hii hakuwa akimsema tajiri, alikuwa akiisema serikali ya mkwewe na Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, mmoja wa watu wa karibu wa Nehru. Hakutukana, wala hakupiga kelele. Alikuwa na tarehe, bei, na barua za siri za wizara alizozipata ajuavyo mwenyewe, akauliza nani alitoa idhini. Waziri alijaribu kujitetea, lakini kila jibu lilizaa swali jingine.

Nehru hakuwa na njia ila kuunda tume, akamteua Jaji M. C. Chagla, Jaji Mkuu wa Bombay. Huyu alikuwa Khoja, wa kaumu ile ile tunayoijua mitaani mwetu. Yeye alisikiliza kesi hadharani, na watu wakajaa hata ikabidi vipaza sauti vifungwe nje ili wasikie. Serikali ilidai kwamba hisa zilinunuliwa ili kuliokoa soko la Calcutta lisianguke. Jaji alikataa. Waziri alijitenga na kitendo cha Katibu wake. Jaji alikataa hilo pia, akasema kwamba Waziri hubeba dhima ya yafanywayo na watumishi wa wizara yake. Kazi yote hiyo ilikwisha kwa siku 24. Nairudia hesabu hiyo kwa sababu sisi tumezoea tume za miaka.

Tarehe 18 Februari, 1958, Krishnamachari akajiuzulu, na Bunge likaijadili ripoti mara. Congress ilikuwa na viti 371 katika viti 494, ingeweza kuizika ripoti ile ikitaka. Haikuzikwa. Sisemi kwamba mambo yalinyooka yote. Krishnamachari alirudi barazani mwaka 1962, na mwaka uliofuata akaishika tena wizara ile ile ya Fedha. Siasa ndiyo hiyo.

Lakini mimi ni mtu wa gazeti, na linalonigusa zaidi ni jambo jingine la Feroze ambalo watu hulitaja kwa kupita. Kabla ya mwaka 1956, mbunge wa India aliweza kusema Bungeni atakalo asishtakiwe, lakini mwandishi akiyachapa maneno yale yale aliweza kuburutwa kortini. Feroze alileta mswada wake binafsi, ukapita mwaka 1956, ukamlinda mwandishi anayeripoti Bunge kwa ukweli na bila ya chuki. Katika chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi ujanani, habari yangu ilikatwa nusu usiku kwa hofu ya wakili wa tajiri fulani, ilhali mbunge alikwishayasema yote mchana kweupe. Kwa hiyo thamani ya sheria kama hiyo siihitaji kuelezwa.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 1958, na tarehe 8 Septemba, 1960 akafariki Delhi. Majivu yake yalizikwa katika makaburi ya Maparsi, Allahabad.

Mwezi wa Juni 1975 Bibi Indira, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza hali ya hatari, na magazeti yakawekewa wakaguzi. Kabla ya mwaka kumalizika serikali yake ilikwisha kuiondoa ile sheria ya marehemu mumewe. Machi 1977 uchaguzi ukafanyika, naye akaangushwa Rae Bareli, kiti kile kile cha Feroze. Mwaka huo huo serikali mpya iliirejesha sheria, na mwaka 1978 kinga hiyo ikaandikwa ndani ya katiba yenyewe, kifungu cha 361A.