Conrad Gessner, tabibu aliyeandika habari za ‘maziwa ya mwezi’

KATIKA baadhi ya mapango ya milima ya chokaa huko Uswisi, kuta hufunikwa na kitu cheupe, laini kama jibini bichi, ambacho kikikauka hugeuka unga. Wenyeji hukiita maziwa ya mwezi. Miongoni mwa wasomi wa mwanzo kukiandika ni tabibu Conrad Gessner.

Gessner alizaliwa Zürich, Machi 26, 1516. Baba yake, fundi wa ngozi za manyoya, aliuawa katika vita vya Kappel mwaka 1531, na kijana huyo akasoma kwa fadhila za walimu wake. Mwaka 1554 akawa tabibu wa mji.

Dunia inamkumbuka zaidi kwa vitabu vyake vikubwa kuhusu wanyama, vilivyoanza kutoka mwaka 1551. Lakini msomi huyo alipenda pia milima, na aliazimia kupanda walau mmoja kila mwaka.

Mwaka 1555 aliupanda Pilatus, karibu na Lucerne. Haukuwa mlima wa kuendewa ovyo. Watu waliamini kuwa roho ya Pontio Pilato imelala katika kiziwa cha huko, na kwamba atakayeichokoza atazusha tufani. Hata wakuu wa mji walikataza watu kwenda bila kibali. Gessner alipewa kibali, akapanda, akarudi salama. Katika maelezo ya safari hiyo aliyataja maziwa ya mwezi ya mlimani humo.

Kwa muda mrefu baadaye unga huo uliuzwa katika maduka ya dawa, ukinyunyizwa kwenye vidonda. Hakuna aliyejua kuwa ndani ya fuwele zile ndogo mno za chokaa, zilizolowa maji, wanaishi bakteria. Wanasayansi wangali wanabishana ni kwa kiasi gani bakteria hao huchangia kuziunda. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walieleza kuwa bakteria wa jamii ya Streptomyces waliotolewa katika maziwa ya mwezi ya pango la nchini humo huzuia vijidudu wengine kukua. Jamii hiyo ndiyo iliyotupatia streptomaisini, dawa ya kifua kikuu. Kama unga wa zamani uliponya kweli, hilo ni jambo jingine.

Tauni ilipoingia Zürich mwaka 1564, Gessner alibaki kuwatibu wagonjwa. Ikamuua Desemba 13, 1565, akiwa na miaka 49. Kazi yake kubwa kuhusu mimea, aliyokwisha kuikusanyia mamia ya michoro, ilichapishwa karne ya 18.