Sayyid Said na Wanawake wa Jumba la Mtoni

Watu wasomao historia ya Uingereza hawalisahau jina la Henry wa Nane, aliyetawala tangu mwaka 1509 hata 1547. Mfalme huyu alioa wake sita. Wa kwanza, Catherine wa Aragon, alimwacha. Wa pili, Anne Boleyn, alikatwa kichwa mwaka 1536. Wa tatu, Jane Seymour, alikufa mwaka 1537, siku chache baada ya kujifungua mtoto mwanamume. Wa nne, Anne wa Cleves, aliachwa baada ya miezi sita. Wa tano, Catherine Howard, alikatwa kichwa mwaka 1542. Wa sita, Catherine Parr, ndiye aliyebaki hai mfalme alipokufa.

Mtu akisikia habari hizi aweza kudhani kwamba mambo kama hayo yalitukia Ulaya tu. Sivyo. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na mtawala mkuu ambaye majumba yake yalijaa wanawake. Yeye hakuwakata vichwa, walakini maisha ya wengi wao yalikuwa na huzuni, na yafaa tuyajue hata sisi tukaao mbali na bahari, huku Kibirizi kando ya Ziwa Tanganyika. Mtawala huyo ni Sayyid Said bin Sultan.

Sayyid Said alizaliwa Oman, katika Uarabuni, mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, na Said alikuwa bado kijana mdogo. Miaka miwili baadaye alimwua binamu yake Badr, aliyekuwa ameshika utawala, akawa mtawala yeye mwenyewe. Basi alianza kazi yake kwa damu, lakini baadaye watu wengi walimsifu kwa ukarimu na kwa hukumu zake za haki. Mwaka 1837 aliitwaa Mombasa mikononi mwa Mazrui. Aliipenda Unguja kuliko Maskati, kwa kuwa Unguja ina mvua nyingi, udongo wenye rutuba na bandari nzuri. Alihimiza watu wapande mikarafuu, akafanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Yapata mwaka 1840 alihamishia kiti chake Unguja, akakaa huko miaka mingi.

Jumba lake la zamani kupita yote lilikuwa Mtoni, kaskazini ya mji, ufukoni mwa bahari. Liliitwa hivyo kwa sababu ya kijito kilichopita hapo na kuingia baharini. Uani walitembea tausi, mbuni na paa, na watu waliokaa humo walikuwa yapata elfu moja, wakubwa kwa wadogo, waungwana na watumwa. Sayyid Said alikaa Mtoni siku nne za juma, na siku tatu alikaa katika jumba lake la mjini.

Sheria ya Kiislamu ilimruhusu mtu kuoa wake wanne, akiweza kuwatendea sawasawa. Tena zamani hizo matajiri walikuwa na masuria, yaani wanawake walionunuliwa. Suria akizaa mtoto, mtoto huyo alikuwa mwungwana kama ndugu zake, na mama hakuweza kuuzwa tena. Bwana wake akifa, alikuwa huru. Mmoja wa binti za Sayyid Said aliandika kwamba baba yake alipokufa aliacha masuria 75 na watoto 36 walio hai. Katika wanawake hao wote tutasimulia habari za watatu.

Wa kwanza ni Azza binti Seif. Yeye alikuwa mke wa ndoa, mzaliwa wa ukoo mtukufu wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo, wala uso wake haukuwa wa uzuri wa kusifiwa, lakini alikuwa na nguvu nyingi sana juu ya mumewe. Mambo aliyoyataka yalikuwa, na mambo aliyoyakataa hayakuwa. Watu wote wa jumba, hata watoto wa Sultani, walipaswa kumwamkia kila siku na kumwita kwa jina la heshima, naye hakuwaonyesha upendo. Wote walimwogopa. Lakini Azza hakujaliwa kupata mtoto. Kila asubuhi watoto wa wanawake wengine walipita mbele yake, wakamwamkia, wakaenda zao kwa mama zao. Alikuwa na amri, asiwe na mtu wa kumpenda.

Wa pili ni Shahrazadi, binti wa kifalme kutoka Uajemi. Aliletwa Unguja akiwa kijana mwenye uzuri mwingi, amevaa lulu na vito, na Waajemi mia na hamsini walifuatana naye kumtumikia. Huyu hakuweza kuzoea maisha ya kufungiwa ndani. Katika nchi yake alijifunza kupanda farasi na kuwinda, na Unguja pia alitoka pamoja na watu wake akapanda farasi, akaenda kuwinda. Waarabu waliona kuwa huo ni utovu wa haya, wakanung'unika. Sayyid Said alijitahidi kumpendeza. Kidichi, kisiwani Unguja, hata leo pana hamamu ya mawe iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiajemi, nayo ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili yake. Lakini moyo wa mtu haununuliwi kwa majengo. Shahrazadi hakumpenda mumewe, na mwisho jambo hilo likafunuka. Husimuliwa kwamba Sultani alighadhibika hata akakaribia kutenda tendo baya, na mtumishi wake mwaminifu ndiye aliyemzuia. Basi alimpa talaka, naye akarudi kwao Uajemi. Hapo ndipo tuonapo tofauti yake na Henry wa Nane. Mfalme wa Uingereza aliwatafuta mahakimu na mashahidi wa kumsaidia kuua. Sultani wa Unguja alikuwa na mtu wa kumzuia, naye akakubali kuzuiwa.

Wa tatu ni Jilfidani. Alizaliwa katika kabila la Wacherkesi, watu weupe wakaao milima ya Kaukazi, karibu na Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa mkulima, mwenye watoto watatu, na Jilfidani alikuwa na kaka na mdogo wake wa kike. Siku moja vita vikaingia nchini mwao. Jamaa ile ikajificha mahali penye shimo chini ya ardhi, lakini wanyang'anyi waliwagundua. Waliwaua baba na mama, na watu watatu wakawapakia wale watoto juu ya farasi. Aliyemchukua kaka alitoweka mara. Wawili waliobaki walikwenda pamoja hata jioni, na njia nzima yule mdogo, mwenye umri wa miaka mitatu, alilia akimtaka mama yake. Jioni wale wapanda farasi wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Tangu saa ile Jilfidani hakuwaona tena ndugu zake, wala hakupata habari zao maisha yake yote.

Aliuzwa, akafika katika nyumba ya Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane. Alikuwa bado mdogo, na jino lake la kwanza la utoto liling'oka akiwa humo. Sultani aliamuru alelewe pamoja na binti zake wawili waliokuwa rika lake. Alifundishwa kusoma na kushona, na alipokua akafanywa suria. Wala hapana aliyemwuliza kama ataka. Alizaa mtoto wa kike, akafa. Kisha mwaka 1844, hapo Mtoni, akamzaa mwingine, akaitwa Salme.

Jilfidani alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na nywele zake zilifika magotini. Tena alikuwa mpole. Mtu akiugua katika jumba lile, Jilfidani alikwenda kumwuguza, akakaa kando ya kitanda na kumsomea kitabu. Alikuwa na rafiki, Sara, aliyetoka katika nchi yake, naye alikuwa mama wa Majid, mwana wa Sultani. Wawili hao waliahidiana kwamba mmoja akifa, atakayebaki atakuwa mama wa watoto wote. Sara akafa kwanza, na Jilfidani akaitimiza ahadi: Majid alipopewa nyumba yake mjini, alikwenda kukaa huko ili kumlea dada yake Majid kama mtoto wake mwenyewe.

Walakini katika jumba la mfalme hata mtu mwema hana amani timilifu. Masuria hawakuruhusiwa kula pamoja na Sultani. Watoto wao walikaa mezani na baba yao, bali mama zao walikula mbali. Tena palikuwa na fitina. Masuria wa Kihabeshi na masuria wa Kicherkesi hawakupatana, hata watoto wao walitaniana kwa ukali, na watoto wa Kicherkesi waliitwa paka kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Kila mmoja alijua ya kuwa heshima yake yategemea neno la mtu mmoja.

Sasa na tuangalie upande wetu. Fedha iliyoendesha majumba yale ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu, pembe na watumwa. Misafara ilifunga safari toka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, kusini yetu hapa, ng'ambo ya Kigoma. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walikuta wafanya biashara wa Kiarabu wamekwisha kufika mbele yao. Katika miaka iliyofuata mitumbwi ilivuka ziwa hili na watu waliotekwa Manyema, wakapelekwa pwani kwa miguu. Wengi walikuwa watoto. Nao walikuwa wameona mambo yale yale aliyoyaona Jilfidani: kijiji kuvamiwa, wazazi kuuawa, ndugu kuachanishwa njiani jioni moja. Mtoto mmoja alipewa hariri na mwingine alipewa jembe, lakini machozi yao yalikuwa ya namna moja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Barghash, mwana mwingine wa Sayyid Said, alipokuwa Sultani.

Sayyid Said mwenyewe hakuona siku hiyo. Mwaka 1856 alikuwa akirudi Unguja kutoka Oman, akafa baharini kabla ya kuiona pwani. Barghash alikuwa pamoja naye katika marikebu, akaizika maiti usiku kwa siri. Watu wa majumbani walikuwa wakitazamia kuja kwa bwana wao kwa furaha, wakapata msiba. Masuria waliozaa wakawa huru, urithi ukagawanywa, na jamaa kubwa ile ikatawanyika. Majid akawa Sultani wa Unguja, na ndugu zake wakaanza kugombana naye.

Jilfidani hakuukalia uhuru wake muda mrefu. Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi sana. Yeye naye akashikwa, na kwa muda wa siku mbili akafa. Salme, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, alikataa kuachana naye, ijapokuwa watu walimwonya juu ya ugonjwa ule.

Huenda mtu akauliza, tumezijuaje habari za mtumwa mmoja aliyetoka mbali na kufa zamani? Jibu ni hili: mtoto wake alijua kuandika. Zamani hizo binti za Sultani walifundishwa kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama wavulana walivyofanya chuoni. Baadaye maisha yake yalikuwa na taabu nyingi. Mwaka 1866 alitoroka Unguja katika manowari ya Waingereza, na mwaka uliofuata akabatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu katika mji wa Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1886 alipiga chapa kitabu cha maisha yake, na humo akaandika habari za Azza, na za Shahrazadi, na za mama yake. Alikufa Ujerumani mwaka 1924.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu walioyaona majumba ya Sayyid Said kutoka baharini, yamewashwa taa usiku, walidhani waliomo ndani hawana shida. Lakini mkuu alikosa mtoto, mzuri alikosa uhuru, na mpole alikosa baba, mama na ndugu. Wote watatu walikuwa chini ya nguvu ya mtu mmoja, naye hakuwa mtu mbaya kuliko wengine wa wakati wake. Ndiyo sababu haitoshi mtawala awe na moyo mwema. Yafaa kuwe na sheria ya kumlinda mtu hata bwana wake akighadhibika. Nanyi wasichana msomao masomo haya, kumbukeni mfupa wa ngamia. Azza alikuwa na amri, na Shahrazadi alikuwa na lulu, lakini hata wao twawajua kwa sababu binti wa suria alishika kalamu.