FERDINAND BRAUN, MWALIMU ALIYETUONYESHA UMEME



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa, safari hii tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana, lakini kazi yake imekaa juu ya meza za mafundi karibu dunia nzima. Ni Karl Ferdinand Braun. Wale kati yetu wanaopenda kufungua radio za kale, na wale wanaotaka kujifunza kutengeneza osiloskopi zilizokwisha kutumiwa na wengine, wanapashwa kumjua kabla ya kushika turnevisi.

Kwa wale wasioijua: osiloskopi ni chombo kinachochora mwendo wa umeme kwa mwangaza juu ya ekrani. Voltmetri inakupa hesabu tu. Osiloskopi inakuonyesha sura yenyewe: umeme unapanda, unashuka, unatetemeka, unakatika.

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda, inchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, si tajiri. Kijana alisoma Marburg, kisha Berlin, na katika mwaka wa 1872 akapata udaktari wa fizikia. Alikuwa kijana bado. Lakini wakati ule, kijana aliyeanza kufundisha katika universite ya Ujerumani hakuwa na mshahara wa hakika. Basi katika 1874 Braun akakubali kazi ya kufundisha watoto wa sekondari katika masomo ya Thomas, mjini Leipzig. Ni masomo yale yale ambamo Johann Sebastian Bach, ambaye nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo katika makanisa mengi, alifundisha kuimba tangu 1723 mpaka kufa kwake katika 1750.

Wengine wangesema: daktari mzima anakwenda kufundisha watoto, amepotea! Kumbe hapana. Mwaka ule ule wa 1874 alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa anapitisha kuran katika mawe fulani yenye madini na salfa ndani yake. Akaona kwamba kuran inapita vizuri upande mmoja, na upande mwingine inapita kwa shida. Jambo hili halikufuata sheria iliyojulikana, na watu wengi hawakuona faida yake. Leo kipande cha kazi hiyo tunakiita diodi, na hakuna radio wala telefone isiyokuwa nacho. Tena, katika miaka ya Leipzig aliandikia vijana kitabu cha hesabu na sayansi. Hakudharau watoto aliowafundisha.

Baadaye alifundisha katika universite za Marburg, Strasbourg, Karlsruhe na Tübingen. Katika 1895 alirudi Strasbourg kuwa mkubwa wa nyumba ya fizikia. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Leo ni wa Ufaransa.

Huko, katika 1897, alifanya kazi iliyomfanya tumwandike hapa. Miji ilikuwa inaanza kupata umeme unaogeuka-geuka mara nyingi katika sekonde moja. Nani angeweza kuuona? Sindano ya chombo ni nzito, haiwezi kukimbia hivyo. Braun akafikiri kutumia kitu kisicho na uzito wa sindano: mwali wa katodi. Fundi wa vioo alimtengenezea chupa ndefu iliyoondolewa hewa. Mwali ulitoka upande mmoja, ukapita katika tundu dogo, ukapiga ekrani iliyopakwa dawa ya kung'aa, na nukta ya mwangaza ikaonekana. Kando ya chupa aliweka bobini. Kuran ilipopita katika bobini, nukta ilipanda na kushuka pamoja nayo. Lakini ilichora mstari wa kusimama tu. Basi aliutazama mstari ule katika kioo cha kujitazamia kilichokuwa kinazunguka, na mawimbi yakatandazwa mbele ya macho yake. Katika 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, alipata njia ya kuvuta nukta kwenda upande kwa umeme, na kioo cha kuzunguka hakikuhitajika tena.

Hapa sikieni vizuri. Braun hakuomba hati ya serikali ya kumiliki chupa ile. Aliandika namna alivyoifanya, akaitoa kwa watu wote. Hakufukia talanta yake udongoni. Kutoka chupa hiyo zilikuja osiloskopi, na televisheni zile za zamani zenye mgongo mkubwa.

Baada ya hapo alishughulika na telegrafu isiyo na waya. Mashini za kwanza za Guglielmo Marconi zilitoa cheche katika anteni yenyewe, na nguvu ilipotea bure. Braun alitenga cheche fasi yake na anteni fasi yake, akaziunganisha kwa bobini, na habari zikaenda mbali zaidi. Katika 1909 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel ya fizikia pamoja.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwishoni mwa 1914 alisafiri mpaka New York kwa ajili ya hukumu juu ya kituo cha telegrafu cha Wajerumani. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Katika 1917 Marekani nayo ikaingia vitani, na mzee mgonjwa hakuweza kurudi kwao. Alikufa Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, miezi michache tu kabla ya vita kuisha. Sisi tunajua vita ni nini: havimwulizi mtu kama ana zawadi ya Nobel.

Sasa, inatufaa nini sisi tunaoanza kutengeneza? Osiloskopi mpya za leo zina ekrani bapa, lakini zile za kale zenye chupa ndizo zinazopatikana kwa feza kidogo. Ukifungua moja, utamkuta Braun mara mbili: diodi katika sehemu ya kulisha umeme ni jambo lake la 1874, na chupa ni ya 1897. Hata ugonjwa wake unaweza kusomwa katika maisha haya. Ukitia alama, ukaona mstari wa kusimama tu, basi unaona kile alichoona Braun bila kioo chake: chupa ni nzima, kazi ya Zenneck ndiyo iliyolala. Ukiona nukta moja tu, punguza mwangaza upesi, kwa maana itaunguza dawa ya ekrani. Na ekrani ikiwa giza, usiseme chupa imekufa. Tazama kwanza vifungo vya mwangaza na vya kusogeza nukta, kisha fizibli, kisha volti za kulisha, maana kondansateri za zamani hukauka. Fundi anayebadilisha vipande bila kutazama anakula feza za watu.

Lakini musifungue peke yenu. Ndani mna volti elfu moja na zaidi, na kondansateri zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa waya. Chupa nayo haina hewa. Ikigongwa, vioo vinaruka. Mwalimu awepo, na asiyejua aulize. Kuuliza haiko haya.

Ndugu zangu, Braun alianza katika darasa kama letu, mbele ya watoto kama sisi. Alipoona jambo asilolielewa, hakuliacha. Alitafuta njia ya kulitazama. Na alipopata njia, hakuificha. Yeyote kati yetu atakayejua kutengeneza chombo kimoja, amfundishe mdogo wake wa darasa la chini.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Prefe wa wanafunzi, mwaka wa mwisho