Sir Ronald Fisher: Aliyefundisha Dunia Kupima Dhana



Twakumbuka habari za Gideoni katika Kitabu cha Waamuzi, jinsi alivyoweka ngozi ya kondoo uwanjani usiku. Mara ya kwanza aliomba ngozi ilowe umande na ardhi yote iwe kavu. Ikawa hivyo. Lakini Gideoni hakutosheka, maana sufu hushika maji kwa asili yake, na pengine jambo lile lingetokea hata bila ishara. Kwa hiyo usiku wa pili aliomba kinyume: ngozi iwe kavu na ardhi ilowe. Gideoni alikuwa akijiuliza swali moja kubwa: Je, nilichokiona kingeweza kutokea chenyewe tu?

Mwezi huu tunasimulia maisha ya Mwanglikana mmoja aliyelifanya swali hilo kuwa elimu kamili. Jina lake ni Ronald Aylmer Fisher. Leo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu anayepima dawa, mbolea au njia mpya ya kufundisha watoto ambaye hatumii kazi yake, ingawa wengi hawamjui.

Fisher alizaliwa London tarehe 17 Februari 1890. Baba yake alikuwa dalali wa vitu vya sanaa, mtu mwenye mali. Ronald alipofika miaka 14 mama yake alifariki, na baadaye mali ya baba nayo ikapotea. Tena kijana huyu alikuwa na macho mabovu sana, hata akakatazwa kusoma jioni kwa mwanga wa taa ya umeme. Mwalimu wake wa hesabu alimfundisha kwa mdomo tu, bila karatasi wala kalamu. Udhaifu huo ukamzoeza kuziona hesabu moyoni kama maumbo, na mambo ambayo wengine waliyafikia kwa kurasa nyingi, yeye aliyaona mara moja. Mwaka 1909 alipata nafasi ya kusoma Cambridge, katika chuo cha Gonville and Caius.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, jeshi lilimkataa kwa ajili ya macho yake. Akawa mwalimu wa shule, kazi ambayo hakuipenda wala hakuiweza sana. Mwaka 1917 alimwoa Ruth Eileen Guinness, binti wa ukoo wa wahubiri. Baba yake binti huyo alikuwa daktari na mmoja wa viongozi wa misheni iliyopeleka watumishi Kongo.

Mwaka 1919 Fisher aliajiriwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini ya London. Huko walikuwa wamepima ngano na mbolea tangu 1843, na madaftari yalikuwa yamejaa hesabu ambazo hakuna aliyejua zasema nini. Je, shamba hili limezaa zaidi kwa sababu ya mbolea, au kwa sababu ya udongo wake na mvua ya mwaka ule?

Wanasimulia kwamba siku moja hapo kituoni Fisher alimmiminia chai mtafiti mwenzake, Bibi Muriel Bristol. Bibi akaikataa. Alisema yeye hupenda maziwa yatangulie kikombeni, na kwamba akionja tu atajua kipi kilitangulia, chai au maziwa. Watu wakacheka, lakini wakaamua kumpima.

Katika kitabu chake cha mwaka 1935 Fisher aliueleza mtihani wa namna hii. Tengeneza vikombe 8: vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza. Vipange kwa kura. Kisha tuanze na dhana kwamba bibi hajui lolote, anabahatisha tu. Dhana hii ndiyo inayowekwa kizimbani. Njia za kuchagua vikombe vinne katika vinane ni 70, na moja tu ndiyo sahihi yote. Basi anayebahatisha atapatia vyote mara 1 katika 70. Bibi akipatia vyote, ni vigumu kuendelea kusema anabahatisha. Lakini akikosea kimoja katika kila fungu hatuwezi kumsifu, maana hata mbahatishaji hufika hapo au zaidi mara 17 katika 70, yaani karibu mara moja katika kila nne.

Tuangalie adabu iliyomo katika njia hii. Mtafiti haanzi kwa kutafuta ushahidi wa kile anachokitamani. Huanza kwa kuipa nafasi dhana iliyo kinyume naye, na anayaweka masharti kabla ya kuonja. Fisher alipendekeza kwamba jambo ambalo bahati ingelileta chini ya mara 1 katika 20 lastahili kuangaliwa. Hakusema kwamba kipimo hicho ni amri ya mbinguni, wala kwamba jaribio moja latosha. Tena mtihani usipoikanusha dhana, haumaanishi kwamba dhana imethibitika. Labda vikombe vilikuwa vichache mno. Mambo haya husahauliwa sana na watafiti hata leo.

Kwa nini kura? Hapa kuna kisa cha shule. Mwaka 1930, huko Lanarkshire, Uskoti, watoto 10,000 walipewa maziwa kila siku kwa miezi minne, na wengine 10,000 hawakupewa, ili ionekane kama maziwa yanakuza mtoto. Fisher mwenyewe aliziandikia hesabu hizo mwaka 1931. Lakini rafiki yake William Gosset aligundua kasoro kubwa. Walimu waliruhusiwa kuwabadilisha watoto ili makundi yalingane, na yaelekea kwa huruma yao waliwaingiza wale wadhaifu katika kundi la maziwa. Watoto wasiopewa maziwa walikuwa wazito na warefu zaidi tangu mwanzo! Huruma njema iliuharibu ushahidi. Fisher alikuwa akifundisha kwamba dawa ya jambo hili ni kura, maana kura haina upendeleo. Nasi twajua kwamba mitume nao walipiga kura kati ya Mathiya na Yusufu.

Fisher aliheshimiwa sana. Alikuwa profesa London tangu 1933, kisha Cambridge tangu 1943, na mwaka 1952 akapewa cheo cha Sir. Hata hivyo hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa na hasira, aligombana na wataalamu wenzake kwa miaka mingi, na alitengana na mkewe. Mwaka 1943 mwanawe George, rubani wa ndege za vita, alikufa. Katika yote hayo hakuacha Kanisa. Alisali, mara nyingine alihubiri katika kanisa la chuo, na mwaka 1955 alizungumza redioni juu ya sayansi na imani ya Kikristo.

Hatuwezi kuishia hapo bila kusema kweli yote. Tangu ujana wake Fisher aliamini kwamba watu wa nasaba fulani ni bora kwa kuzaliwa, na kwamba wale walioitwa wenye akili dhaifu wafungwe uzazi kwa hiari yao. Mwaka 1952 alipinga tamko la UNESCO juu ya mbari za watu, akishikilia kwamba zinatofautiana katika vipaji vya akili. Sisi wasomaji wa Afrika twajua maneno kama hayo yaliwafanyia nini babu zetu. Na tazameni: ni nani aliyepiga kura, mtoto huyu azaliwe katika nyumba yenye vitabu na chakula, na yule katika njaa? Kasoro ile ya Lanarkshire ilikuwamo humo humo, lakini hapa hakuiogopa.

Tena, mwaka 1950 madaktari Doll na Hill walionyesha kwamba wavuta sigara hupata zaidi saratani ya mapafu. Fisher, aliyependa kiko chake na aliyelipwa kuwashauri wenye viwanda vya tumbaku, aliwapinga vikali. Alisema pengine kuna jambo la damu linalomfanya mtu avute na pia augue. Swali hilo lilikuwa halali. Lakini ushahidi ulipozidi kujaa kutoka kila upande, hakusogea.

Alistaafu na kuhamia Adelaide, Australia, akafa huko tarehe 29 Julai 1962, baada ya kupasuliwa kwa saratani ya utumbo. Majivu yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mtakatifu Petro mjini humo. Mwaka 2020 chuo chake cha Cambridge kiliondoa dirisha la kioo lililokuwa limewekwa kwa kumbukumbu yake.

Ndugu wapendwa, tufanye nini na maisha kama haya? Tusiitupe kazi yake, kwa maana kila mama anayepewa dawa iliyopimwa vema hufaidika nayo. Wala tusiufiche udhaifu wake. Mtu huyu aliupa ulimwengu mizani ya haki, lakini dhana alizozipenda mno hakuziweka juu yake. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote. Basi katika kamati zetu, shuleni kwetu na nyumbani, tunapomhukumu jirani au kusifu mpango wetu mpya, tuanze na lile tunalolipenda sisi wenyewe, tuliweke kizimbani kwanza.