Joseph Rochefort: nishani iliyochelewa

Joseph Rochefort alizaliwa Marekani mwaka 1900, akaingia jeshi la majini akiwa kijana. Jeshi lilimtuma Japani miaka 3 ajifunze lugha ya nchi ile. Mwaka 1941 alipewa kikundi kidogo huko Hawaii. Ndani ya chumba cha chini ya ardhi, usiku na mchana, walifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani.

Mwaka 1942 walitambua kwamba adui atashambulia mahali alipopaita AF. Rochefort alisema ni kisiwa cha Midway. Wakubwa fulani wa Washington walibisha. Basi kisiwa kiliagizwa kutangaza kwa redio, bila kuficha, kwamba mashine ya maji ya kunywa imeharibika. Punde Wajapani wakaarifiana: AF haina maji. Mwezi wa 6 Wamarekani waliwavizia hapo, wakazamisha meli 4 za kubeba ndege.

Waliobisha ndio waliojitwalia sifa. Rochefort alinyimwa nishani, akahamishwa. Alikufa mwaka 1976. Nishani ilitolewa mwaka 1986, wakaipokea watoto wake.

Wapendwa, anayestahili shukrani tumshukuru angali anasikia.