William Booth na ghala la kulala wasio na kwao

Mfanyabiashara aliyewahi kukuta geti la mpaka limefungwa na nyumba za wageni zimejaa anajua usiku wa nje ulivyo mrefu. William Booth wa Uingereza aliujua kwa namna nyingine.

Alizaliwa Nottingham mwaka 1829. Alipofika miaka 13 baba yake aliishiwa mali, akamtoa shule na kumweka ajifunze kazi katika duka la rehani. Mwaka 1865, akiwa mhubiri, alianza kazi na mkewe Catherine miongoni mwa maskini wa mashariki ya London. Mwaka 1878 kundi lao likaitwa Jeshi la Wokovu.

Usiku mmoja mwishoni mwa 1887, akirudi nyumbani, aliona watu wamelala kwenye daraja la London, baridi kali. Kulipokucha alimwagiza mwanawe Bramwell atafute ghala lenye joto. Likapatikana Limehouse, karibu na gati za meli, likafunguliwa 1888. Kwa peni nne mtu alipata chakula cha jioni, pa kulala na chai ya asubuhi. Vitanda vilikuwa visanduku vya mbao, ndiyo maana watu waliviita majeneza! Lakini mlalaji alikuwa mteja, si ombaomba.

Mwaka 1890, mwezi uleule alipomzika Catherine, alitoa kitabu akiwaomba wananchi pauni 100,000 za kueneza kazi hiyo. Zilipatikana katika miezi michache. Hapo maneno yakaanza. Mwanasayansi Thomas Huxley aliandika gazetini barua baada ya barua, akidai haifai mtu mmoja kushika fedha nyingi kiasi hicho. Kwa kweli hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliyewahi kuchangia chama cha soko anaielewa.

Booth alijibu kwa hati. Januari 1891 alitia saini mkataba wa kisheria uliotenga fedha za mpango huo na fedha nyingine za Jeshi. Mwaka uliofuata kamati ya watu wa nje ilipekua vitabu vya hesabu na kuona fedha zimetumika kwa kazi zilizochangiwa.

Alifariki Agosti 1912, miaka 83, macho yakiwa hayaoni tena. Jeshi lake liliingia Kenya 1921, Uganda 1931, Tanganyika 1933. Msafiri aliyewahi kulala hosteli ya Mgulani, Dar es Salaam, alilala kwenye nyumba ya Jeshi hilohilo.