Shoichi Sakata

Shoichi Sakata (18 Januari 1911 – 16 Oktoba 1970) alikuwa mwanafizikia kutoka nchini Japani. Anajulikana hasa kwa nadharia yake ya mwaka 1956 kuhusu muundo wa ndani wa mesoni, iliyotangulia nadharia ya kwarki.

Maisha

Alizaliwa mjini Tokyo, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Kyoto na kuhitimu mwaka 1933. Baadaye alifanya kazi Osaka pamoja na Hideki Yukawa, ambaye mwaka 1935 alitabiri kuwepo kwa mesoni, yaani chembe inayoshikanisha protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomu. Mwaka 1942 Sakata akawa profesa huko Nagoya, alikobaki hadi kifo chake. Baada ya vita alishiriki katika harakati za wanasayansi wa Japani za kupinga silaha za nyuklia.

Mesoni mbili

Mwaka 1937 iligunduliwa katika mionzi ya anga chembe iliyodhaniwa kuwa mesoni ya Yukawa, lakini tabia zake hazikulingana na nadharia. Mwaka 1942 Sakata na Takeshi Inoue walieleza kwamba chembe hizo ni mbili tofauti, na kwamba moja huzaliwa kutokana na nyingine. Mwaka 1947 kundi la Cecil Powell wa Bristol, Uingereza, lilithibitisha jambo hilo. Siku hizi chembe hizo huitwa pioni na myuoni.

Muundo wa Sakata

Mwaka 1949 Enrico Fermi na Chen Ning Yang walipendekeza kwamba pioni ni muungano wa protoni au nyutroni na chembe-kinyume. Sakata alipanua wazo hilo kwa kuongeza chembe ya tatu, lambda, ili kueleza pia kaoni. Kwa mfano, pioni yenye chaji chanya ingekuwa protoni pamoja na kinyume cha nyutroni.

Mwaka 1959 Mineo Ikeda, Shuzo Ogawa na Yoshio Ohnuki walitumia msingi huo kutabiri mesoni nyingine, nayo eta ikagunduliwa mwaka 1961. Hata hivyo, muundo huo ulishindwa kupanga vizuri chembe nzito za jamii ya protoni. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba protoni, nyutroni na lambda zenyewe zimeundwa kwa kwarki tatu tatu. Kuhusu mesoni, mpangilio wa Sakata ulibaki: mahali pa chembe zake tatu pakawekwa kwarki tatu, na kila mesoni ikawa kwarki moja na kinyume-kwarki kimoja.

Tuzo na urithi

Gell-Mann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1969. Yukawa alimpendekeza Sakata kwa tuzo hiyo, lakini Sakata, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, alifariki mwaka 1970 bila kuipata.

Mwaka 1962 yeye, Ziro Maki na Masami Nakagawa walikuwa wameeleza jinsi aina za nyutrino zinavyochanganyika. Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, waliosomea Nagoya, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa nadharia iliyotabiri kuwepo kwa angalau aina sita za kwarki.